Kuhani Asiye na Ukoo

Mapadri Weupe walipoingia milima ya Masisi, na wamisionari wa Kibaptisti na Kipentekoste walipofungua vituo vyao huko Kivu, mashariki mwa Kongo, kila upande ulikuja na jibu lake kwa swali lilelile: kuhani wa Agano la Kale, yule wa ukoo wa Haruni aliyeingia patakatifu na damu ya mnyama, alikuwa kivuli cha nani? Wakatoliki walifundishwa kwamba kivuli hicho kinaelekea kwa Kristo na, kwa njia yake, kwa padri aliye altareni. Waprotestanti walifundishwa kwamba kinaelekea kwa Kristo na kuishia hapo. Wamisionari wengi wameshaondoka. Swali wamewaachia wenyeji, na linaulizwa kwenye mashirika ya parokia, kwenye shule za Biblia na hata msibani, pale padri na mchungaji wanapolazimika kumzika marehemu mmoja.

Nimelipanga kuwa mjadala wa sauti nne. Katekista ni mzee wa parokia ya vijijini Masisi, amezoea kuongoza ibada ya Jumapili peke yake maana padri hafiki kila wiki. Pasta ametumikia jumuiya ya Kiprotestanti miaka mingi, pande zote mbili za mpaka wa Masisi na Walikale. Mama ni mjane na kiongozi wa shirika la parokia. Amekimbia vita zaidi ya mara moja. Kijana ametoka Walikale, anasoma teolojia Goma. Ni watu wa kubuni, ila hoja zao hazina ugeni kwa mtu aliyewahi kukaa na Wakristo wa huko. Sitataja kabila la yeyote kati yao. Msomaji wa Kivu atatamani kukisia, nami namwomba aikumbuke tamaa hiyo tutakapofika mbele kidogo.

KATEKISTA: Mimi naanza na Mwanzo 14, kwa sababu ndipo Biblia inapomtaja kuhani kwa mara ya kwanza. Abramu anarudi vitani alikokwenda kumkomboa Lutu, mtoto wa ndugu yake. Anapokewa na Melkizedeki, mfalme wa Salemu, kuhani wa Mungu Aliye Juu. Mtu huyo anakuja na nini? Mkate na divai. Hakuja na mbuzi. Sisi tukimwona Abe, yaani padri wetu, amesimama altareni na vitu hivyohivyo viwili, tunajua tunachokiona. Kanuni ya Kirumi inamtaja Melkizedeki kwa jina, pamoja na Abeli na Abrahamu. Mtaguso wa Trento, mwaka 1562, ukaliweka jambo hilo kwenye mafundisho ya misa. Na Abe anapopewa daraja, sala ya askofu inawakumbuka wana wa Haruni na wale wazee 70 waliogawiwa roho ya Musa. Hatukubuni kitu.

PASTA: Mzee, umenifungulia mlango wewe mwenyewe. Chukua Waraka kwa Waebrania, sura ya 7. Sura nzima ni Melkizedeki. Mwandishi anakusanya kila kitu: ufalme wake, amani yake, baraka aliyompa Abramu, fungu la kumi alilopokea. Anakusanya hata yale ambayo Mwanzo haikuyasema, kwamba hatukuambiwa baba yake, mama yake, siku aliyozaliwa wala siku aliyokufa. Sasa nitafutie mkate na divai katika sura hiyo. Havimo. Mtu anayetafuta maana hata katika ukimya wa Maandiko angeuachaje mkate, kama mkate ndio ulikuwa kiini?

Hoja hii ni nzito, na Wakatoliki wasomi wanajua kwamba ni nzito. Waraka kwa Waebrania ndicho kitabu pekee cha Agano Jipya kinachomwita Yesu kuhani kwa jina hilo, na kinamjadili Melkizedeki kwa kirefu bila kugusa meza yake. Anayetaka kuiona misa katika Mwanzo 14 ni lazima apite njia nyingine. Katekista anaijua njia hiyo.

KATEKISTA: Mwandishi mmoja akinyamaza, hajakataa. Klementi wa Aleksandria aliona ekaristi katika mkate ule, na Sipriani wa Karthago, katikati ya karne ya 3, aliandika barua nzima juu ya kikombe cha Bwana akamtaja Melkizedeki humo. Hao walikuwa karibu na mitume kuliko mimi na wewe.

PASTA: Nawaheshimu kama wazee. Lakini mzee akisema jambo, bado tunauliza amelitoa wapi. Waebrania inasema kuhani wa Haruni alisimama kila siku akirudia dhabihu zilezile, naye Kristo alitoa moja akaketi. Ndani ya hema ya kukutania hapakuwa na kiti, mzee. Palikuwa na meza, kinara, madhabahu, sanduku. Kiti hapana, kwa sababu kazi ya makuhani wale haikuwa na mwisho. Aliyeketi amemaliza. Kama amemaliza, huyu anayesimama tena altareni kila asubuhi anafanya nini?

KATEKISTA: Anafanya ukumbusho aliouagiza Bwana. Hatumuui tena Kristo, Pasta, na unajua hatufundishi hivyo. Dhabihu ni moja, na misa inatufikisha kwenye hiyohiyo.

PASTA: Basi mwite mtumishi, usimwite kuhani. Petro anawaandikia Wakristo wote, pamoja na akina mama wanaofagia kanisa lako, anawaita ukuhani wa kifalme. Pazia la hekalu lilipasuka kutoka juu hadi chini. Kwa nini mnalishona?

KATEKISTA: Maneno hayo ya Petro yametoka Kutoka 19, ambapo Israeli yote inaitwa ufalme wa makuhani. Taifa zima! Na kitabu hichohicho, sura chache mbele, kinaamuru Haruni na wanawe wavikwe na kupakwa mafuta. Ukuhani wa wote haukuuzuia ukuhani wa wachache. Aliyesema unazuia ni Kora, katika Hesabu 16. Alimwambia Musa kwamba mkutano wote ni mtakatifu, kwa nini mnajikweza? Hoja ni yako hiyo, Pasta, karibu neno kwa neno, na ardhi ilimmeza. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1964, ulisema kuna ukuhani wa waamini wote na ukuhani wa daraja, na kwamba tofauti yao si ya kiwango tu bali ni ya asili.

Hapo Pasta alipaswa kuumia kidogo, na nadhani aliumia. Kora ni mwiba kwa kila anayetumia ukuhani wa waamini wote kufuta kila daraja. Waprotestanti wenyewe wanamtumia Kora kila mara mwinjilisti kijana anapomwasi mchungaji wake. Lakini wazee hawa wawili wangeweza kuendelea hivi hadi jua lizame, na wote wawili wangekuwa wamezungumzia jambo moja tu, yaani nani asimame mbele ya watu. Mama ndiye aliyeuhamisha mjadala.

MAMA: Mmemaliza? Baba Katekista, umetaja wazee 70. Mbona hukuwataja Eldadi na Medadi? Walibaki kambini, hawakwenda hemani na wenzao, na roho ikawashukia hukohuko walikokaa. Yoshua akataka wazuiwe, Musa akakataa. Na wewe Pasta, unasema sote ni makuhani, lakini katika kanisa lako nani anashika kipaza sauti? Nimekaa miezi bila padri na bila mchungaji, barabara ikiwa imefungwa, tukizika watoto sisi wenyewe. Sikuwa na nafasi ya kuuliza kama mimi ni kuhani wa Haruni au wa Petro.

PASTA: Mama, hakuna anayedharau…

MAMA: Sijamaliza, baba. Mnasoma ukuhani kana kwamba ulianza na Haruni. Yethro alikuwa nani? Kuhani wa Midiani, baba mkwe wa Musa. Katika Kutoka 18 yeye ndiye anayemtolea Mungu dhabihu, na Haruni anakuja kula pamoja naye. Haruni ni mgeni mezani pa kuhani wa taifa jingine! Na Sipora, binti wa Yethro, ndiye aliyeshika jiwe kali akamtahiri mwanawe usiku ule njiani, Musa akapona. Kabla ya Haruni kuvaa kilemba, damu ya agano ilishapita mkononi mwa mwanamke wa Kimidiani.

KIJANA: Nami nashikia hapo alipofika Mama. Melkizedeki na Yethro si wana wa Israeli. Kwa hiyo Mungu alikuwa anaweka vivuli nje ya Israeli. Wazee wangu, kwetu Walikale kuna utendi wa Mwindo. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha mwaka 1969, kama ulivyoimbwa na mzee Candi Rureke mwaka 1956. Mwindo alikataliwa na baba yake Shemwindo tangu kuzaliwa, akafungiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni. Akashuka kuzimu kumfuata baba huyo aliyetaka kumuua, akamrudisha, akamsamehe, wakagawana utawala. Waliokufa Tubondo akawafufua. Sisemi Mwindo ni Kristo. Nauliza kama babu zetu waliokuwa wakiusikiliza usiku hawakuwa wakiandaliwa sikio.

PASTA: Sikio kuandaliwa, nakubali. Kivuli, nakataa. Vitu viwili kufanana hakukifanyi kimoja kuwa kivuli cha kingine. Kivuli kinahitaji Mungu aliyekipanga ndani ya historia moja, na andiko linaloshuhudia. Nyoka wa shaba ni kivuli kwa sababu Yesu mwenyewe alisema hivyo kwa Nikodemo. Adamu ni mfano kwa sababu Paulo alisema hivyo kwa Warumi. Tukiacha kanuni hiyo, kila hadithi yenye mtu aliyerudi kutoka kuzimu itakuwa Injili.

KATEKISTA: Safari hii niko na Pasta, ila si kwa ukali wake. Misale yetu, ile ya majimbo ya Zaire iliyokubaliwa Roma mwaka 1988, inawaalika wahenga wenye moyo mnyofu mwanzoni mwa misa, pamoja na watakatifu. Kanisa halikuwaita kivuli cha Kristo. Liliwapa mahali pa kusimama.

Nami nauona mpaka huo wa Katekista kuwa wa busara. Mwindo anajisifu mno hata asiweze kuwa kuhani. Hana dhabihu, ana fimbo ya ajabu na ulimi mkali, na mwisho mbingu yenyewe inamtia adabu kwa kumuua joka aliyekuwa rafiki wa Nkuba, bwana wa radi. Uzuri wake ni wake. Kumlazimisha avae kanzu ya Haruni ni kumpunguza.

Ila kuna sababu nyingine ya kuogopa vivuli visivyo na kanuni, na katika misitu kati ya Masisi na Lubutu sababu hiyo ina tarehe.

KATEKISTA: Wazee wetu walitusimulia habari za dini ya Kitawala. Mwaka 1944, Wabelgiji wakidai mpira na dhahabu kwa ajili ya vita vyao vya dunia, watu wakichapwa na kutolewa mashambani, alitokea Bushiri Lungundu. Wafuasi wake walimwita Mukombozi. Aliyesoma kwamba mkombozi atakuja aliambiwa sasa amekuja, yuko hapa msituni, na Wazungu wataondoka. Walimfuata maelfu ya Wakumu na majirani zao. Jeshi la koloni likaja na bunduki.

MAMA: Usiwaseme vibaya waliomfuata. Waliona mijeledi kabla hawajamwona Bushiri.

PASTA: Siwalaumu waliochapwa. Naulaumu usomaji. Agano la Kale lina kivuli, Agano Jipya linasema mwili wa kivuli hicho ni Kristo. Akija mtu wa tatu akasema kivuli kilikuwa changu mimi, mwambie amechelewa.

KIJANA: Lakini Pasta, Mukombozi alikuwa mmoja na alishindwa. Wanaojitangaza kuwa mwili wa kivuli leo wako wengi, wana makanisa, mitume na manabii, wanawaambia watu wasimguse mpakwa mafuta. Wamechukua mafuta ya Haruni wakaacha madhabahu.

Pasta alicheka bila furaha. Katekista hakucheka kabisa, maana maneno ya kutomgusa mpakwa mafuta amewahi kuyasikia yakitoka midomo ya mapadri pia.

KIJANA: Kuna jambo moja zaidi, na ndilo linaloninyima usingizi nikisoma Waebrania 7. Ukuhani wa Haruni ni ukuhani wa ukoo. Baba kuhani, mwana kuhani. Katika Ezra sura ya 2, watu wanarudi kutoka Babeli, baadhi ya familia zinasema sisi ni makuhani. Wanatafuta majina yao katika orodha ya nasaba, hawayaoni. Wanaondolewa katika ukuhani. Hakuna aliyeuliza mwenendo wao. Majina ya babu yalikosekana, basi. Sasa Wazee, tunaishi wapi sisi? Sheria ya uraia ya 29 Juni 1981 ilimtaka mtu aonyeshe kwamba babu zake walikuwa wa kabila lililokuwa ndani ya mipaka ya Kongo tarehe 1 Agosti 1885. Nani ana karatasi ya babu wa 1885? Wabelgiji, kuanzia 1937, waliwaleta watu kutoka Rwanda wakawapanga Gishari na kwingineko Masisi, kwa mpango wa serikali, juu ya ardhi ya Wahunde. Wajukuu wa walioletwa waliambiwa orodha haina majina yao. Wajukuu wa waliochukuliwa ardhi wakaambiwa wanyamaze. Orodha moja, watu wa pande zote mbili wakafa kwa ajili yake.

KATEKISTA: Sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 2004.

KIJANA: Kwenye karatasi ilibadilishwa. Kijijini bado unaulizwa babu yako alizikwa wapi. Ndiyo maana namwangalia Melkizedeki kwa macho mengine. Nyinyi mlibishana juu ya mkate wake. Mwandishi wa Waebrania alishangazwa na jambo jingine: kuhani huyu hana ukoo! Hana baba wa kumtaja. Na Abrahamu, babu wa makabila yote kumi na mawili, anampa fungu la kumi. Mwandishi anasema hata Lawi, akiwa bado katika mwili wa babu yake, alilipa kwa mtu asiye na nasaba. Kisha anasema Yesu alitoka Yuda, kabila ambalo Musa hakulipatia ukuhani. Kwa orodha ya Ezra, Yesu asingeruhusiwa kuingia.

Mjadala ulinyamaza hapo, na hapo ndipo ninapomkumbusha msomaji tamaa yake ya kukisia makabila ya hawa wanne.

Sijui mahali pengine ambapo sura hiyo ya Waebrania inauma hivi. Wafafanuzi wa Ulaya huupita ukosefu wa nasaba ya Melkizedeki kama ujanja wa kusoma Maandiko kwa namna ya Wayahudi wa zamani: Mwanzo imenyamaza, basi tuujenge juu ya ukimya wake. Mtu wa Masisi hawezi kuupita kirahisi hivyo. Machi 1993, kwenye soko la Ntoto huko Walikale, wanamgambo wa Kinyanga na Kihunde waliwaua Wahutu waliokuja kuuza na kununua, na moto ukaenea hadi Masisi yote. Vijiji vya Wahunde navyo vikalipiziwa kisasi. Nani alikufa na nani alipona kulitegemea nasaba. Kuhani asiye na nasaba, katika nchi ya namna hiyo, si fumbo la kitaalamu.

KATEKISTA: Mwanangu, umesema kweli, nami nitasema inayotuhusu. Roma ikitangaza jina la askofu mpya, swali la kwanza barabarani si kama ni mtu wa sala. Ni wa wapi. Padri akihamishiwa parokia, watu huhesabu kabila lake kabla hajashusha begi.

PASTA: Na sisi jumuiya ikipasuka tunasema ni kwa sababu ya mafundisho. Nenda ukaangalie waliobaki ni akina nani na waliotoka ni akina nani. Mafundisho yana kabila. Tulimpinga padri wa Haruni tukabaki na orodha ya Haruni.

Sikutegemea Pasta aseme hivyo; kwa mtu aliyeanza na kiti kisichokuwemo hemani, ni mbali. Mama hakuwa tayari kuwaachia wafurahie unyenyekevu wao.

MAMA: Kujua haitoshi. Mimi niliyekimbia naijua sura nyingine ya makuhani ambayo hamkuitaja kabisa. Hesabu 35. Walawi hawakupewa urithi wa ardhi kama makabila mengine. Walipewa miji 48 na malisho ya kuizunguka. Miji sita kati ya hiyo ni ya makimbilio. Aliyeua bila kukusudia anakimbilia humo, mlipiza kisasi asimfikie kabla ya kuhukumiwa. Na imeandikwa kwamba miji hiyo ni ya wana wa Israeli, ya mgeni, na ya anayekaa kwao. Wote watatu. Mlangoni haulizwi babu yake alizikwa wapi.

KIJANA: Na anakaa humo mpaka kuhani mkuu afe.

MAMA: Mpaka kuhani mkuu afe! Kisha anarudi kwenye ardhi yake, na hakuna ruhusa ya kumgusa. Baba zangu, hicho si kivuli? Kifo cha kuhani kinamfungulia mtu njia ya kurudi shambani kwake. Kama Kristo ndiye Kuhani Mkuu, na amekwisha kufa, mbona watu wa Masisi hawajarudi?

PASTA: Kivuli hicho nakikubali, na wafafanuzi wa zamani wa kwetu walikiona. Lakini Mama, soma mpaka mwisho. Sura hiyohiyo inasema aliyeua kwa makusudi hapewi kimbilio wala hapokelewi fidia kwa uhai wake. Ntabo Ntaberi Sheka, yule kiongozi wa wanamgambo, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kijeshi Goma, Novemba 2020, kwa yaliyotendeka Walikale mwaka 2010, wanawake wengi wakibakwa ndani ya siku chache. Mtu asiniambie padri au pasta angemficha ndani ya kanisa kwa jina la Hesabu 35.

MAMA: Sikuombi umfiche. Nazungumzia waliomkimbia yeye na wenzake. Na mji wa makimbilio ukivunjwa je? Mnaikumbuka Mokoto.

Inafaa kueleza, kwa wasomaji wa mbali. Mokoto ni monasteri ya Watrapisti katika Masisi, juu ya maziwa yenye jina hilo, iliyoanzishwa mwaka 1954 na watawa kutoka Scourmont, Ubelgiji. Mei 1996, mamia ya Watutsi waliofukuzwa vijijini mwao walikuwa wamekimbilia humo. Tarehe 12 Mei wanamgambo wa Kihutu, wakiwamo waliotoroka Rwanda mwaka 1994 baada ya mauaji ya kimbari, waliivamia. Watu waliuawa pale walipokimbilia. Watawa nao wakaondoka, na ilichukua miaka kabla ya jumuiya yao kurudi. Katika sehemu hizi kila kabila lina mahali pa kutaja: Wahutu wana Ntoto, Watutsi wana Mokoto, Wahunde na Wanyanga wana vijiji vyao vilivyochomwa. Hatari ni pale kila kabila linapowakumbuka wafu wake tu, kisha padri au mchungaji wa kabila hilo akapanda mimbarini kuwasemea hao tu.

KATEKISTA: Mokoto siwezi kuijibu kwa Mtaguso wa Trento.

PASTA: Wala mimi kwa Petro.

MAMA: Mimi sikuileta ili mjibu. Waasi wa M23 walipoingia Masisi-kati, Januari 2025, maelfu walikimbilia wapi? Hospitali kuu. Watu walilala kwenye sakafu za hospitali kwa sababu waliamini kwamba yeyote mwenye bunduki ataogopa kidogo kuingia humo. Machi, Walikale ilipofikiwa, ikawa vilevile. Nauliza kwa nini hospitali ilikuwa kimbilio la kwanza akilini mwa watu, na kanisa likawa la pili.

Hakuna aliyejibu, na sidhani jibu ni moja. Hospitali ina ukuta, ina wageni wenye redio ya mawasiliano, na haijawahi kuchagua askofu. Hilo la mwisho ni langu, si la Mama.

Hukumu yangu ni hii. Kuhusu mkate na divai, Pasta ameisoma Waebrania vizuri zaidi. Anayetaka kuitetea misa ana silaha bora kuliko Mwanzo 14, na anaweza kuanza na karamu ya mwisho yenyewe. Kuhusu Kora, Katekista ana haki, na Waprotestanti hawajamjibu. Ukuhani wa wote haukupata kumaanisha kwamba hakuna aliyetumwa. Lakini wote wawili walikuwa wakigombea urithi wa Haruni, na mwandishi wa Waebrania alitumia sura nzima kuonyesha kwamba urithi huo umekwisha na kwamba kilichofuata hakikupita kwa damu ya ukoo.

Nawaomba wanaoandaa mahubiri Masisi, Walikale na Goma, wa altare na wa mimbari: mkifika kwa Melkizedeki msiishie mezani pake. Someni siku hiyohiyo Ezra 2 na Hesabu 35, aya ya mgeni ikiwemo, kisha mtaje kanisani majina ya wafu wa Ntoto na wafu wa Mokoto katika sala moja. Mkiona mmoja wenu hawezi kuyatamka majina ya upande wa pili, msimpe daraja wala msimwekee mikono mpaka aweze.